Atarudi Lini? Swali Linalotafuna Familia za Askari Walio Ng'ambo

Kila kikosi cha Kenya kikiondoka kwenda nje, picha zinazosambaa ni zile zile. Bendera inakabidhiwa, magwanda ni mapya, mabegi yamepangwa mstari, ndege inasubiri. Halafu sisi wa mtandaoni tunaanza kazi yetu. Wengine wanapiga saluti, wengine wanauliza Kenya inatafuta nini huko, na wengi, tuambiane ukweli, wanapiga hesabu ya posho. "Huyo akirudi ni ploti na gari."

Swali ambalo mke, mume, mama au mtoto aliyeachwa nyumbani anaamka nalo huwa halipo kwenye hizo komenti: atarudi lini?

Kwa watu wa Kibera umbali si kitu kigeni. Nusu ya mtaa ina mtu mbali: babu yuko ushago, mathe yuko Saudia, kaka yuko Mombasa kwa kazi ya mkono. Familia inaweza kuvumilia umbali. Kinachoimaliza familia ya askari ni kukosa tarehe. Hajui tarehe ya kurudi, hajui tarehe ya pesa kuingia, na mambo yakiharibika huko hajui tarehe ya kuambiwa ukweli. Na tarehe ni kitu ambacho serikali inaweza kutoa bila kununua hata risasi moja.

Mtaa uliozaliwa na swali hili

Kama kuna mtaa Nairobi una haki ya kuuliza, ni huu. Kibera ilianza kwa sababu ya familia za askari. Wanajeshi Wanubi, waliotoka Sudan na kuingia kwenye jeshi la Waingereza la King's African Rifles, walikuwa na wake na watoto lakini hawakuwa na kwao ndani ya Kenya. Mwafrika mwingine akimaliza utumishi alirudishwa kwenye eneo la kabila lake. Mnubi angerudishwa wapi? Ndio wakapewa sehemu hii waliyoiita Kibra, yaani msitu, na mwaka wa 1918 ikatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Hata Laini Saba, wazee wanasimulia kwamba jina lilitokana na mistari ya uwanja ambapo askari hao walifanyia mazoezi ya kulenga shabaha.

Askari akitumwa mbali, familia ilibaki hapa. Na walitumwa mbali kweli kweli. Kwenye Vita vya Pili vya Dunia jeshi hilo lilipigana Ethiopia, Madagascar na Burma. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani kwenye Bahari ya Hindi. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, na kati yao walikuwa mamia ya wanajeshi wa Afrika Mashariki. Hiyo ni Mombasa pale pale, meli imeondoka bandarini kwetu, na bado ukiuliza vijana kumi mtaani hakuna atakayekuambia amewahi kusikia jina lake.

Sasa angalia walichopewa waliobaki Kibra. Walipewa ruhusa ya kukaa, hawakupewa hati. Miaka ikapita, serikali ya mkoloni ikaondoka, ya kwetu ikaingia, ruhusa ikabaki ruhusa. Jamii ya Wanubi ilikuja kupata hati ya ardhi ya pamoja mwaka wa 2017, ya ekari 288. Kutoka zaidi ya 4,000 hadi 288, baada ya karibu miaka mia moja. Hiyo ndiyo tabia ya zamani ya dola kwa familia ya askari: unaambiwa ukae, huambiwi ni kwa muda gani wala kwa masharti gani.

Walio nje sasa hivi

Oktoba 2011 KDF iliingia Somalia kwa jina la Operesheni Linda Nchi. Mwaka wa 2012 wakaingia chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Aprili 2022 kikaitwa ATMIS. Januari 2025 kikaitwa AUSSOM. Jina limebadilika mara tatu, lakini kwa yule anayefungasha begi mambo ni yale yale. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule wa kwanza sasa sauti imeshavunjika na anaanza kuota ndevu.

Halafu kuna Haiti. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi hicho Oktoba 2023, Mahakama Kuu ya Nairobi ikapinga mpango huo Januari 2024, na bado maafisa 200 wa kwanza wakatua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Tarehe hiyo unaikumbuka kwa sababu nyingine. Ndiyo siku vijana waliingia Bungeni kwa sababu ya Mswada wa Fedha. Sisi macho yote yalikuwa Parliament Road, na kuna familia ambazo siku hiyo macho yao yalikuwa kwenye simu, zikisubiri ujumbe mmoja tu: tumefika.

Wa Haiti ni polisi, si wanajeshi. Kwa sheria hiyo tofauti ni kubwa. Kwa mtoto wa darasa la tatu haipo. Mtu wake amevaa kofia ya chuma, ameshika bunduki, yuko nchi ya watu, na saa hazilingani. Haiti iko nyuma yetu kwa saa saba au nane kutegemea msimu. Saa mbili usiku mtoto anataka kulala Laini Saba, kule ni saa sita au saa saba mchana, mzazi yuko kazini ndani ya gari la deraya. Mzazi akitoka kazini usiku wa kule, huku kumekaribia kucha. Simu ya video inayosifiwa kwamba imeondoa umbali inahitaji bando, inahitaji stima, na inahitaji watu wawili wawe macho kwa wakati mmoja.

Pesa ipo, lakini inafika lini?

Tusijifanye pesa si sababu. Ni sababu kubwa na ni halali. Kwa muda mrefu Umoja wa Ulaya ulilipa dola 1,028 kwa mwezi kwa kila mwanajeshi wa AMISOM, pesa hizo zikipitia Umoja wa Afrika kisha serikali za nchi husika. Hicho si kiasi cha kudharau. Lakini mwaka wa 2016 Ulaya ikapunguza mchango wake kwa asilimia 20. Askari aliyekuwa kwenye handaki hakuulizwa, na mkewe aliyekuwa ameshalipia nusu ya uwanja kwa mpango wa awamu hakuulizwa pia.

Haiti ikaja na lake. Desemba 2024 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba karibu maafisa 20 walikuwa wameandika barua za kujiuzulu, wakilalamikia kucheleweshewa malipo na hali ya kazi. Makao makuu ya polisi yalikanusha kwamba kuna waliojiuzulu na kusema malipo yalikuwa yamefanywa hadi mwisho wa Oktoba. Soma hiyo kauli tena. Ni utetezi, lakini inatoka Desemba na inasema watu wamelipwa hadi Oktoba. Mwenye nyumba wako anaijua Novemba vizuri sana.

Na hapa kuna jambo ambalo mtu wa nje halioni. Posho ikichelewa, familia ya askari inaumia kuliko jirani asiye na kazi kabisa, kwa sababu mtaa mzima unaamini ina pesa. Dukani hukopeshwi kwa upole tena, unaangaliwa kama mtu mchoyo. Shule haikupi muda. Kila harambee ya matanga jina lako liko juu kwenye orodha. Mjomba anakupigia kuomba "kitu kidogo tu". Wewe uko ndani ya Fuliza, tokeni za stima zimeisha, lakini huwezi kusema, maana ukisema utaonekana unamwaibisha mtu wako aliye vitani. Mke wa askari wa ng'ambo hakopeshwi hata huruma.

Anayeishi kambini angalau ana mlango wa kugonga. Jeshi lina chama cha wake wa wanajeshi, MWAK, na kambi zina nyumba na majirani ambao nao mtu wao hayupo. Kambi ya Lang'ata iko hapa jirani, ukuta na ukuta na sisi. Lakini aliyepanga chumba mtaani, iwe ni familia ya mwanajeshi au ya polisi, anabeba peke yake. Jirani wa kushoto anauza samaki, wa kulia ni fundi wa simu, na wote ni watu wazuri, ila hakuna anayeelewa kwa nini akisikia habari ya saa moja anaongeza sauti halafu anazima kabla haijaisha.

Miezi ina uzito wake

Kuna nchi ambazo zimepima haya mambo. Januari 2010 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliopitia rekodi za matibabu za wake zaidi ya 250,000 wa wanajeshi wa Marekani. Wale ambao waume zao walipelekwa Iraq na Afghanistan walipatikana na matatizo ya huzuni, wasiwasi, msongo na usingizi kwa wingi kuliko wale ambao waume zao hawakupelekwa. Na kadiri miezi ya kuwa nje ilivyoongezeka, ndivyo matatizo yalivyoongezeka. Yaani muda wenyewe ni mzigo, na unaweza kupimwa kama kilo.

Marekani yenyewe ilijifunza kwa njia ngumu. Aprili 2007 waziri wa ulinzi Robert Gates alitangaza kwamba zamu ya jeshi la nchi kavu Iraq na Afghanistan inatoka miezi 12 kwenda 15, hata kwa waliokuwa tayari huko. Fikiria mtoto aliyekuwa anakata siku kwenye kalenda, halafu anaongezewa siku 90 nyingine. Mwaka uliofuata wakarudi kwenye miezi 12, na kuanzia 2012 wakashuka hadi tisa. Vita vilikuwa bado vinaendelea Afghanistan. Hawakupunguza kwa sababu ya huruma tu. Waliona kwamba familia ikivunjika nyumbani, askari anavunjika kazini.

Sasa linganisha na Haiti. Kundi la kwanza lilitua Juni 2024. Ilifika Desemba 2025 ndipo kundi jipya likapelekwa kupokezana na baadhi ya waliotangulia. Huo ni mwaka mmoja na nusu. Katikati ya hapo kikosi chenyewe kilikuwa kinahangaika na pesa na watu. Lengo lilikuwa maafisa 2,500 kutoka nchi mbalimbali, Kenya ikaahidi 1,000 na kupeleka zaidi kidogo ya 700, na nchi nyingine zikachangia wachache. Tarehe 30 Septemba 2025 Baraza la Usalama likaamua kukigeuza kuwa kikosi kipya cha watu 5,500 cha kupambana na magenge. Kila mkutano wa New York ulikuwa na maana yake kwenye meza za wakubwa. Kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi maana ilikuwa moja: ameongezwa muda au anakuja?

Linganisha pia na mathe aliyeenda Saudia kufanya kazi za nyumba. Kazi ile ina hatari zake na tumeshazika watu kwa sababu yake, sitaki kuipaka rangi. Lakini kwa kawaida mkataba unasema miaka miwili, na mtoto aliyebaki na shosho anajua anahesabu hadi wapi. Inashangaza kwamba ajenti wa River Road anaweza kukuandikia muda kwenye karatasi na dola inashindwa.

Ukimya ndio adhabu kubwa

Tarehe ya tatu ndiyo nzito. Alfajiri ya 15 Januari 2016, Al-Shabaab walivamia kambi ya KDF ya El Adde, Somalia. Tulijua kwamba ni wengi. Jumla rasmi haikutangazwa wakati ule. Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, akasema kwenye runinga kwamba waliouawa walikaribia 200, na Kenya ikapinga. Familia zilisubiri vipimo vya DNA ili zijue za kuzika na za kuendelea kungoja. Picha za kambi iliyochomwa zilifika kwenye simu zetu kabla ya afisa yeyote kubisha kwenye milango yao.

Miaka tisa baadaye, Machi 2025, msafara wa maafisa wa Kenya ulishambuliwa Haiti na mmoja akatoweka. Upande wa Haiti ulisema mapema kwamba ameuawa. Upande wa Nairobi neno lilikuwa kwamba hajulikani alipo. Septemba mwaka huo huo kiongozi wa baraza la mpito la Haiti, Laurent Saint-Cyr, akamtaja kati ya waliokufa akihutubia Umoja wa Mataifa. Jiweke kwenye nafasi ya mama yake. Unaangalia runinga, na rais wa nchi ya watu anasoma jina la mwanao.

Msomi wa Marekani anayeitwa Pauline Boss alianza kuchunguza hali kama hii miaka ya 1970 kwa familia za wanajeshi waliopotea vita vya Vietnam. Aligundua kwamba kumpoteza mtu bila kujua kama yuko hai au amekufa ni aina ya pekee ya maumivu, kwa sababu huwezi kulia ukamaliza na huwezi kutumaini ukatulia. Waswahili wanasema kufa kwa wengi ni harusi. Lakini harusi hiyo inahitaji mwili, tarehe na watu wa kukaa nao matangani. Usipopewa hivyo, unabaki umesimama mlangoni miezi sita.

"Si alijiandikisha mwenyewe?"

Jibu hili hutolewa haraka sana, na si la kijinga. Hakuna aliyelazimishwa. Pia kuna hoja ya usalama: ukitangaza kila zamu na kila idadi, adui naye anasikia.

Sawa. Lakini hakuna anayeomba ramani ya doria. Kumwambia mke kwamba zamu ni miezi 12, na kwamba ikiongezwa atapewa barua mwezi mmoja kabla, hakumsaidii Al-Shabaab wala genge la Port-au-Prince. Kumwambia mzazi ndani ya saa 48 kwamba mwanawe hajapatikana hakufichui siri, hasa kama adui ndiye aliyempiga na anajua. Na kuhusu kujiandikisha, askari ndiye aliyesaini. Mtoto hakusaini.

Wenye kupanga mambo haya wangeanza na vitu vitatu. Muda wa zamu uandikwe na familia ipewe nakala. Posho iwe na siku yake, na mfadhili akichelewa Hazina ilipe kwanza halafu idai, maana serikali ina nguvu ya kudai kuliko mama watoto. Kila familia iwe na afisa mmoja wa kupigia simu, mwenye jina, ambaye kazi yake ni kusema anachojua na asichojua. Na askari akirudi, apewe muda wa kweli nyumbani na mtu wa kuzungumza naye. Anarudi akikuta mke amezoea kuamua kila kitu, mtoto anamwita "uncle", naye mwenyewe mlango ukigongwa kwa nguvu analala chini. Hiyo haitibiwi kwa wiki mbili za likizo na mbuzi mmoja.

Kwa nini haya yakuhusu wewe unayesoma ukiwa kwenye matatu? Kwa sababu kila mwaka maelfu ya watu wa rika letu wanapanga foleni uwanjani kukaguliwa meno na kukimbizwa jua kali, wakitafuta hiyo sare. Na kwa sababu kuna njia mbaya zaidi. Novemba 2025 waziri Musalia Mudavadi alisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi kwenye vita vya Ukraine, wengi wakiwa wamepelekwa na mawakala. Familia hizo hazina hata ofisi ya kuuliza. Ahadi ni pesa nono, tarehe haipo kabisa.

Kwa hiyo mtu akikuletea dili la sare, yoyote ile, usiulize mshahara peke yake. Uliza ni miezi mingapi, nani ataongea na mathe wako ukinyamaza, na imeandikwa wapi. Na wewe unayechumbiwa na mwenye sare, uliza hayo hayo kabla ya kutoa majibu.

Wanubi waliambiwa watunze Kibra wakati wanaume wao wanapigana vita vya Mwingereza. Wajukuu wao walipambana karibu karne nzima kupata karatasi moja. Familia zinazosubiri leo hazitaki ekari. Zinataka kujua ni mwezi gani zipike chapati za kumpokea mtu wao.